Linux yako haina programu ya kucheza muziki: uweke VLC, Rhythmbox, Audacious au mpv?

Jioni moja mwalimu wa kwaya wa kanisa la jirani alibisha hodi, kompyuta mpakato ya mtumba kwapani na flashi mkononi. Kompyuta ilikuwa imewekwa Ubuntu 24.04, mojawapo ya aina za Linux, siku hiyo hiyo. Kwenye flashi zilikuwamo rekodi za mazoezi alizokusanya kutoka simu za wanakwaya: nyingine mp3, nyingine m4a, nyingine sauti za WhatsApp zenye mkia wa .opus. Baada ya kuitikia shikamoo yangu akasema, "Mwanangu, hii mashine ni bubu." Akabofya faili la kwanza mara mbili. Kikatokea kidirisha kinachosema hakuna programu ya kufungua sauti ya MP3, kisha kinauliza kama unataka kutafuta moja. Akabofya la pili, jibu likawa lile lile.

Mashine haikuwa bubu. Ilikosa tu programu ya kucheza sauti. Tangu Ubuntu 23.10 ya Oktoba 2023, usakinishaji wa kawaida ni ule mwepesi: unapata kivinjari na zana chache za lazima. Rhythmbox, ambayo Ubuntu ilikuja nayo kwa miaka mingi, siku hizi inakuja ukichagua usakinishaji mpana. Aliyemwekea mwalimu mfumo alipita hatua hiyo bila kubadilisha kitu, kama wafanyavyo wengi, na hakuna kosa hapo.

Kilichotuketisha hadi saa tatu usiku ni swali la pili: aweke ipi? Hifadhi za Linux, yaani ghala za programu mtandaoni, zina programu za kucheza sauti kwa makumi. Hapa nalinganisha nne ambazo nimezitumia kwa muda mrefu na kuwawekea wengine: VLC, Rhythmbox, Audacious na mpv.

## Kabla ya kupakua: je, kweli kinachokosekana ni programu?

Nimeona watu wakimaliza bando kwa kupakua programu tatu mfululizo, zote zinacheza bila kutoa sauti, kumbe tatizo halikuwa la programu hata kidogo. Sauti katika Linux hupita ngazi tatu. Chini kabisa kuna ALSA, iliyomo ndani ya kiini cha mfumo, ndiyo inayozungumza na kadi ya sauti. Juu yake kuna seva ya sauti, inayopokea sauti za programu zote na kuzipeleka kwenye spika au hedifoni. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya PulseAudio. Sasa ni ya PipeWire, ambayo Fedora, aina nyingine ya Linux, ilihamia toka toleo la 34 mwaka 2021, na Ubuntu toka 22.10 mwaka 2022. Juu kabisa ndipo inapokaa programu ya kucheza. Ngazi ya chini ikivunjika, ubadilishe ya juu mara kumi, hutasikia kitu.

Kwa hiyo anza na kipimo hiki kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri:

`speaker-test -t wav -c 2`

Ukisikia mwanamke anataja upande wa kushoto na wa kulia kwa Kiingereza, kwa zamu, ngazi za chini ni nzima. Bonyeza Ctrl na C kumnyamazisha, kisha ruka hadi kwenye vigezo.

Kukiwa kimya, andika `wpctl status` na utazame sehemu iliyoandikwa Sinks. Ukikuta Dummy Output peke yake, kompyuta haijaitambua kadi yake ya sauti. Kompyuta mpakato nyingi za Intel za miaka ya karibuni hukwama hapo zikikosa firmware (programu ndogo ya kuendesha kifaa) ya SOF. Kwenye Debian kifurushi chake kinaitwa `firmware-sof-signed`. Ukikuta kadi ipo ila haitoi kitu, fungua `alsamixer`, chagua kadi kwa F6, kisha tafuta mhimili wenye herufi MM chini yake. Huo umezimwa. Usogelee kwa mishale, bonyeza M, herufi zigeuke OO. Na kama sauti ilikuwepo ikapotea baada ya kompyuta kuamka usingizini, mara nyingi inatosha kuiwasha upya seva ya sauti:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Kuna dalili nyingine inayochanganywa na hii. Programu ipo, inafunguka, ila faili fulani inalikataa na kulalamika kwamba kuna kiungo (plugin) kinakosekana. Hapo kilichopungua ni kodeki, yaani kile kinachojua kufumbua aina ile ya faili. Ushauri mwingi wa zamani kuhusu kodeki umepitwa na wakati, na sababu yake ni hii: MP3 ilikuwa imefungwa na hataza, hivyo matoleo mengi ya Linux yaliogopa kuja nayo. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, iliyoshiriki kuibuni, ilisimamisha utoaji wa leseni zake tarehe 23 Aprili 2017 baada ya hataza kwisha. Kwa hiyo ukikuta maelezo ya mwaka 2012 yanayokuzungusha hatua nane ili tu usikie mp3, yaache. Siku hizi kinachosumbua zaidi ni m4a ya simu na amr ya rekodi za zamani.

Basi kama kipimo cha spika kimetoa sauti, na ukibofya faili unaambiwa hakuna programu, tatizo lako ndilo lile la mwalimu. Tuendelee.

## Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni kodeki: programu inazitoa wapi? Zipo zinazokuja na kila kitu ukizisakinisha, na zipo zinazotegemea ulichonacho tayari kwenye mfumo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utasikiliza leo au utaanza kutafuta vifurushi vya ziada usiku.

Cha pili ni bando na uzito. Sikuandikii megabaiti, kwa kuwa idadi hiyo inategemea ulichonacho tayari. Ukiandika `sudo apt install` na jina la programu inayohitaji vitu vya ziada, apt, kisakinishi cha Ubuntu, hukuonyesha kwanza ni kiasi gani itapakua, kisha hukuuliza Y au n. Jibu n, jaribu nyingine, linganisha. Kuuliza hakuli bando.

Cha tatu ni mpangilio wa nyimbo: inazipanga kwa msanii na albamu, au inafuata folda zako kama ulivyozipanga?

Cha nne ni kusikiliza kwa kazi: kupunguza kasi, kurudia kipande kimoja, kukuza rekodi hafifu, redio ya intaneti. Anayesikiliza muziki akipika hahitaji haya. Mwalimu wa kwaya, mwanafunzi anayesikiliza mihadhara, na mwandishi anayenakili mahojiano wanayahitaji kila siku.

## VLC

Hii ndiyo yenye alama ya koni ya barabarani. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na mwaka 2001 ikafunguliwa kwa leseni huru ya GPL. Wengi wanaijua kwa video, lakini kwa sauti peke yake nayo ni programu kamili.

Kodeki. Hapa ndipo ilipojipatia jina. Ukiisakinisha, inakuja na maktaba za kufumbua karibu kila kitu: mp3, m4a, opus, flac, wma, amr. Mafaili yote ya mwalimu yalicheza bila kuongeza chochote. Kwa mtu anayepokea mafaili kutoka kwa watu wengi, kila mmoja na simu yake, jambo hili linaokoa muda mwingi.

Bando na uzito. Kwenye Ubuntu ya kawaida, yenye sura ya GNOME, VLC inavuta maktaba za Qt (za kuchora madirisha) ambazo huenda huna, kwa hiyo upakuaji wake ni mkubwa kuliko wa mpv. Kwenye Kubuntu au Lubuntu, ndugu za Ubuntu zenye sura tofauti, ambako Qt ipo tayari, tofauti hiyo inapungua. Inafunguka polepole kidogo kwenye mashine yenye diski ya zamani, lakini ikishafunguka hailemei.

Mpangilio wa nyimbo. Ni wa kawaida tu. Ctrl na F hufungua folda nzima, nyimbo zikaingia kwenye orodha. Ukiwa na nyimbo 60, sawa. Ukiwa na 6,000, utachoka kutafuta.

Kusikiliza kwa kazi. VLC ina mengi hapa, tena yote yana vitufe vya kubofya. Herufi `[` inapunguza kasi kidogo kidogo, `]` inaiongeza, na `=` inairudisha ya kawaida; sauti haibadiliki kuwa nzito au nyembamba kama kanda ya kaseti inayosuasua. Kwenye menyu ya View ukiwasha vidhibiti vya ziada, kinatokea kitufe chenye A na B: bonyeza mwanzo wa kipande, bonyeza mwisho wake, na kipande kinajirudia hadi ukizime. Kitelezi cha sauti kinapita asilimia 100, msaada mkubwa kwa mahubiri yaliyorekodiwa kutoka benchi la nyuma, ila ukizidisha sauti inakwaruza. Ctrl na E inakufungulia isawazishi (equalizer), cha kurekebisha besi na sauti za juu. Na Ctrl na R inabadilisha faili kutoka aina moja kwenda nyingine, kwa mfano m4a kuwa mp3 kwa ajili ya redio ya gari inayojua mp3 pekee.

Inamfaa nani. Mwenye mafaili ya kila aina na asiyetaka kugusa terminali tena baada ya siku ya kwanza. Pia anayetaka programu moja kwa muziki na video.

Kuisakinisha: `sudo apt update`, kisha `sudo apt install vlc`. Apt ikikuambia haioni kifurushi, hifadhi ya universe haijawashwa. Andika `sudo add-apt-repository universe`, rudia update, jaribu tena. Hilo linahusu Audacious na mpv pia, zote zimo humo humo.

## Rhythmbox

Rhythmbox ni programu ya familia ya GNOME. Ubuntu iliirudisha kuwa programu yake ya muziki toka toleo la 12.04, baada ya kujaribu nyingine iitwayo Banshee kwa muda mfupi, na Linux Mint nayo huja nayo.

Kodeki. Yenyewe haina. Inategemea GStreamer, mfumo wa viungo vya sauti na video vilivyogawanywa katika vifurushi. Kwa kawaida mp3 itacheza moja kwa moja, kisha m4a ya kwanza ikagoma, na mtu anadhani faili limeharibika. Dawa ni hii:

`sudo apt install gstreamer1.0-libav gstreamer1.0-plugins-ugly`

Cha kwanza kinaleta AAC iliyomo ndani ya m4a, cha pili kinaleta pamoja na mengine amr. Wengine hupendekeza `ubuntu-restricted-extras`, ambacho hukusanya vyote kwa mkupuo. Kinafanya kazi, lakini kinaleta pia fonti za Microsoft, na katikati ya usakinishaji inatokea skrini ya makubaliano ambayo kipanya hakiigusi. Bonyeza Tab hadi neno la kukubali ling'ae, kisha Enter. Watu wengi hufunga terminali hapo wakidhani imeganda, na apt inabaki nusu njia. Ikikupata hiyo, `sudo dpkg --configure -a` inamalizia kilichokatika.

Bando na uzito. Kwenye Ubuntu ya GNOME inaenda na vitu vingi ulivyo navyo tayari, hivyo kwa kawaida upakuaji ni mdogo. Hesabu na hivyo vifurushi vya kodeki lakini. Kwenye Kubuntu mambo yanageuka: utavuta maktaba za GNOME kwa ajili yake peke yake, na huko kuna programu ya muziki iitwayo Elisa tayari.

Mpangilio wa nyimbo. Hapa ndipo Rhythmbox inapong'ara. Inasoma folda yako ya muziki na kupanga kila kitu kwa msanii, albamu na aina. Unaandika herufi tatu kwenye kisanduku cha kutafuta na wimbo uko mbele yako, hata ukiwa na maelfu.

Lakini inapanga kwa maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili, na hilo nataka nilikazie. Nyimbo nyingi zetu za Bongo Fleva, taarabu au injili zilizopakuliwa mtandaoni zimeandikwa jina la tovuti mahali pa msanii. Ukizifungua kwenye Rhythmbox unakuta "msanii" mmoja mwenye nyimbo 400, na jina lake linaishia na .com. Usikate tamaa. Chagua nyimbo za msanii mmoja kwa pamoja ukishikilia Ctrl, bonyeza Alt na Enter, andika jina sahihi la msanii na albamu, funga. Mabadiliko yanaandikwa ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo hata ukizihamishia kwenye simu zitakuwa zimepangika. Nilikaa Jumapili mbili kusafisha mkusanyiko wa taarabu wa familia kwa njia hii, wimbo kwa wimbo, mama akinitajia nani aliimba nini. Sijutii hata saa moja.

Jambo jingine: usiongeze nyimbo zikiwa bado kwenye flashi. Ukiichomoa, Rhythmbox itaziandika kuwa zimepotea. Zinakili kwanza kwenye folda ya Music.

Kusikiliza kwa kazi. Redio ya intaneti na podikasti zimo ndani, na ni rahisi: unabandika anwani ya mkondo wa redio, jina linakaa pembeni daima. Aliye mbali na nyumbani, Muscat au Minneapolis, anayetaka redio ya Kiswahili isikike asubuhi bila kufungua kivinjari, ataipenda. Lakini haina kitufe cha kupunguza kasi wala cha kurudia kipande.

Inamfaa nani. Mwenye mkusanyiko mkubwa anaoutunza, na anayesikiliza redio na podikasti.

Kuisakinisha: `sudo apt install rhythmbox`.

## Audacious

Waliokaa kwenye intaneti kafe miaka ya 2000 wanaikumbuka Winamp, programu ya muziki ya Windows. Audacious inatoka kwenye ukoo wa XMMS, programu iliyoleta sura ile kwenye Linux. Bado unaweza kuivalisha sura ya Winamp ya zamani kupitia menyu ya View, ukitaka.

Kodeki. Inakuja na viungo vyake, na usakinishaji unavivuta pamoja nayo. Mp3, m4a, opus, flac zinacheza bila shida. Haichezi video, na haijifanyi kuicheza.

Bando na uzito. Nyepesi ikiwa kazini. Kwenye kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ambako kivinjari kikifunguka kila kitu kinapungua kasi, Audacious inaendelea kucheza bila kukatika. Nayo hutumia Qt katika matoleo ya karibuni, hivyo angalia apt inasemaje kabla ya kujibu Y.

Mpangilio wa nyimbo. Haina maktaba kubwa ya kuvutia. Ina orodha katika vichupo: kimoja cha harusi, kimoja cha mazoezi, kimoja cha usiku. Unaburuta folda na kuidondosha kwenye kichupo, na mpangilio wako wa folda unabaki vile vile. Kwa anayepanga muziki kwa folda na hataki programu imfundishe kupanga, inampa amani.

Kusikiliza kwa kazi. Ina isawazishi cha mikanda 10, ina kiungo cha kubadili kasi na kimo cha sauti, na ina kuunganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine bila kimya katikati. Kuna kipengele kidogo kwenye menyu ya Playback ambacho anayeshughulikia sherehe atakishukuru: simama baada ya wimbo huu. Maharusi wanaingia ukumbini, wimbo wao unaisha, na hakuna wimbo wa pili unaomrukia MC kabla hajashika kipaza sauti.

Inamfaa nani. Mwenye mashine dhaifu, na anayeendesha muziki mbele ya watu.

Kuisakinisha: `sudo apt install audacious`.

## mpv

mpv ilizaliwa kutoka ukoo wa MPlayer na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2013. Haitegemei menyu za kubofya. Unaiendesha kwa amri na herufi za kibodi.

Kodeki. Inatumia FFmpeg, mkusanyiko wa kodeki, na apt inauleta pamoja nayo. Kinachochezwa na VLC, kwa kawaida mpv nayo inakicheza.

Bando na uzito. Kati ya hizi nne ndiyo inayoanza haraka kuliko zote, na haibebi maktaba kubwa za madirisha.

Mpangilio wa nyimbo. Folda ndiyo orodha. Ingia ndani ya folda, andika `mpv --no-video --shuffle .` na nyimbo zote zinacheza kwa kuchanganywa. Basi.

Kusikiliza kwa kazi. Nafasi inasimamisha, mishale ya pembeni inarusha sekunde 5, ya juu na chini dakika 1, 9 na 0 zinapunguza na kuongeza sauti. `[` na `]` ni kasi. Herufi `l` ukiibonyeza mara ya kwanza inaweka mwanzo wa kipande, ya pili mwisho, ya tatu inafuta. Na Shift na Q inafunga huku ikikumbuka ulipofika. Kesho ukifungua faili lile lile inaendelea pale pale. Kwa mihadhara ya saa mbili sijaona kitu rahisi kuliko hicho.

Ina faida nyingine ya utambuzi. Ukicheza faili kwenye terminali, mpv inaandika mstari unaoanza na AO ukifuatiwa na jina kama pipewire, pulse au alsa, kisha masafa na idadi ya chaneli. Mstari huo ukiwepo na muda unasonga lakini husikii kitu, sauti imetoka kwenye programu na kupotea mbele yake: huenda inakwenda kwenye HDMI au spika ya Bluetooth iliyoko chumba kingine. Mstari usipokuwepo na ukasoma kwamba kifaa cha sauti hakikufunguka, rudi kwenye ngazi ya seva. Ndiyo maana huwa naiweka kwenye kila kompyuta ninayotengeneza, hata kama mwenyewe hataitumia.

Inamfaa nani. Aliyezoea terminali, anayesikiliza rekodi ndefu, na fundi.

Kuisakinisha: `sudo apt install mpv`.

## Uchague kwa hali yako

Mafaili yako yanatoka kwa watu tofauti na hujui yatakuja na mkia gani: VLC. Hii ndiyo aliyoondoka nayo mwalimu. Alichukua rekodi ya wimbo ambao sauti ya nne ilikuwa inawashinda vijana wake, akaweka A mwanzo wa ubeti na B mwisho wake, akabonyeza `[` mara tatu kupunguza kasi, akaanza kuimba taratibu pamoja na spika huku akigonga meza kwa kidole.

Una mkusanyiko wa miaka na unataka uwe na utaratibu: Rhythmbox, pamoja na viungo vya GStreamer siku hiyo hiyo, usingoje m4a ya kwanza igome.

Mashine ni ya zamani, au unapiga muziki kwenye shughuli: Audacious. Fanya majaribio ukumbini siku moja kabla, ukiwa na spika zile zile.

Unaishi kwenye terminali, au unatafuta chanzo cha ukimya: mpv.

Uko Fedora: majina ni yale yale, ila unaandika `sudo dnf install`. Baadhi ya kodeki zinakuja kamili ukiongeza hifadhi ya RPM Fusion. Uko Arch: `sudo pacman -S`.

Kompyuta haina intaneti kabisa: tafuta nyingine yenye toleo lile lile la Ubuntu ambayo nayo imesakinishwa upya, ili isije ikaruka vitu ambavyo yenyewe inavyo na yako haina. Humo andika `sudo apt install --download-only mpv`. Vifurushi vinabaki `/var/cache/apt/archives`. Vinakili kwenye flashi, viweke kwenye folda moja kwenye kompyuta yako, ingia folda hiyo kwa terminali, andika `sudo apt install ./*.deb`. Hapa mpv ndiyo ninayoichagua kwanza, kwa kuwa ina vifurushi vichache vya kubeba kuliko VLC.

Unafikiria Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu: zote nne unaweza kuzipata Flathub, ghala lake la mtandaoni, kwa matoleo mapya, ila ya kwanza utakayoweka inapakua pia msingi wake, ambao ni mkubwa mara nyingi kuliko programu yenyewe. Kwa bando la siku, tumia apt.

Na ukiweka mbili, kama nilivyofanya kwa mwalimu, iambie kompyuta ipi ifungue ukibofya. Bofya faili la mp3 kwa kitufe cha kulia, chagua kufungua kwa programu nyingine, iteue, na uwashe chaguo la kuitumia daima. Rudia kwa m4a na kwa opus, maana kila mkia una mpangilio wake. Kwa amri ni `xdg-mime default vlc.desktop audio/mpeg`, na `xdg-mime query default audio/mpeg` inakuonyesha kama imeshika.